Vijana wa Langoni na Hukumu ya Redio

Mtu apitaye barabara kuu itokayo Likasi kwenda Kolwezi siku ya Jumapili alasiri, akafika hapa Mulungwishi saa ambayo timu za Mazembe na Lupopo zinakutana Lubumbashi, atawaona watu wameketi makundi makundi chini ya miembe na mbele ya vibanda vya makaa, kila kundi na redio moja katikati yake, na ukimya wao utamfanya adhani kwamba wanasikiliza habari ya msiba au tangazo la serikali. Sisi tulio mbali na uwanja, ambao aghalabu hatuna nauli ya kwenda Kamalondo wala umeme wa kutegemea kwa televisheni, macho yetu ni mtangazaji. Akisema mpira umetoka, kwetu umetoka. Akisema kipa amezubaa, kwetu amezubaa, na hakuna mmoja kati yetu awezaye kuinuka akasema, la, mimi nilimwona.

Saa ya mechi yenyewe sina neno nayo, kwa kuwa watangazaji wetu wana ufasaha mkubwa, na kazi ya kusimulia mchezo wa dakika tisini kwa Kiswahili na Kifaransa bila ya kukata pumzi ni hidaya ambayo si kila mtu amejaliwa. Neno langu ni juu ya saa ifuatayo, pale mtangazaji anapokaa na wageni wake wawili watatu, simu zikafunguliwa, vicheko vikaanza, na mchezo uliokwisha ukachezwa upya kwa ndimi. Mazungumzo hayo nayapenda, na kijiji kizima kinayapenda. Lakini nimeyasikiliza kwa muda mrefu wa kutosha kuona kwamba yana mazoea mabaya: timu ikifungwa, maneno huzunguka huku na huku, kisha hutua juu ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi ni mdogo kuliko wote, ama kipa wa miaka kumi na tisa aliyepewa glovu kwa sababu mkubwa wake ameumia, ama kiungo aliyevishwa namba kumi kabla ndevu hazijaota.

Naamini kwamba asemaye na watu wasioona ni shahidi kwanza, na ukadhi, ikiwa anao, huja baadaye. Shahidi akitoa hukumu kabla ya kueleza alichokiona amewanyima wasikilizaji wake haki ya kupima, na amemdhulumu mhukumiwa ambaye hayupo barazani kujitetea.

Katika watu kumi na mmoja wa timu, wawili ndio ambao makosa yao hayana kificho. Mshambuliaji akikosa nafasi tatu akaipata ya nne hushangiliwa, na beki akipitwa yuko mwenziwe nyuma. Bali kipa akiteleza nyuma yake hapana kitu ila wavu, na mchezeshaji akipoteza mpira katikati ya uwanja kila jicho humrudia yeye, hata kama wenzake wote walikuwa wamesimama wasimpe pa kupeleka. Wamarekani, katika mpira wao wa kushika kwa mikono, wamemjumlishia mtu mmoja mizigo hii miwili, naye ni kwotabeki, ambaye kila shambulizi huanzia mikononi mwake na kila lawama humwishia yeye. Kwa hiyo si ajabu kwamba redio za michezo za huko, ambazo hunena juu ya mpira usiku na mchana, zimewafanya makwotabeki vijana chakula chao cha kila siku.

Mwezi wa Aprili 1999, kituo kimoja cha redio cha Philadelphia, kiitwacho WIP, kiliwasafirisha washabiki wapatao thelathini hadi New York, kwenye hafla ambayo timu huchagua wachezaji wapya kutoka vyuo vikuu, kwa kuwa kituo hicho kilikuwa kimekwisha kuamua kwamba timu ya mji wao, Eagles, sharti imchague mkimbiaji Ricky Williams. Eagles walimchagua kwotabeki Donovan McNabb, kijana wa miaka 22, naye alipopanda jukwaani kwa furaha ya siku ambayo kila mchezaji huiota, akapokewa kwa zomeo la watu walioletwa na redio kwa kazi hiyo. Alikuwa hajawarushia mpira hata mmoja. Miaka isiyotimia sita baadaye aliifikisha timu ile kwenye fainali kuu ya nchi yao, na mpaka alipoondoka hakuna kwotabeki wa Eagles aliyepata kurusha yadi nyingi kuliko zake. Mwingine, Sam Darnold, aliyechaguliwa mwaka 2018 akiwa na miaka 20, alinaswa na kipaza sauti mwaka uliofuata, usiku ambao timu yake ya New York Jets ilifungwa 33 kwa 0, akisema kwa sauti ya chini pale benchini kwamba anaona mizimu. Neno la mtoto aliyezidiwa, ambalo lingepasa kuishia masikioni mwa mwalimu wake, likapelekwa kwa taifa zima likawa kichekesho. Kijana huyo huyo aliiongoza Minnesota Vikings kupata ushindi mara 14 katika msimu wa 2024. Miaka yote iliyopita kati ya usiku ule na msimu huo ni miaka ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa, na nani ajuaye ni wangapi waliokuwa na kipawa kama chake ambao hawakuweza kuistahimili?

Lakini kwa nini twende Marekani, ilhali kisa kikubwa kuliko vyote cha namna hii ni cha Lubumbashi? Wazee wa hapa hawahitaji kukumbushwa jina la Kazadi Mwamba. Alikuwa mlinda lango wa Mazembe katika zama ambazo timu hiyo, ikiitwa bado Englebert, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikafika fainali tena mwaka 1969 na 1970. Na kwa taifa alitwaa Kombe la Afrika mara mbili, mwaka 1968 kule Addis Ababa na mwezi wa Machi 1974 kule Cairo. Miezi mitatu tu baada ya Cairo alikwenda Ujerumani ya Magharibi na Zaire, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mchezo wa kwanza, na Scotland, ulikwisha kwa mabao 2 kwa 0, na hiyo haikuwa aibu kwa yeyote. Wa pili ulikuwa na Yugoslavia, tarehe 18 Juni, pale Gelsenkirchen.

Dakika ya ishirini na moja, mabao yakiwa matatu, Kazadi alitolewa. Akaingizwa Tubilandu, mtu mfupi wa kimo, na kazi yake ya kwanza katika Kombe la Dunia ikawa kuuokota mpira wavuni, kwa kuwa bao la nne lilifungwa kabla hajaugusa mpira kwa njia nyingine yoyote. Mabao yalifika tisa. Mwenye kuangalia kitabu cha matokeo ataona makipa wawili na mabao tisa, na atadhani amekwisha kuelewa. Kitabu hakimwambii kwamba wachezaji hao walikuwa hawajalipwa marupurupu waliyoahidiwa, ya kwamba walikuwa wamejadiliana kama waingie uwanjani au wasiingie, ya kwamba mwamuzi alimfukuza Ndaye Mulamba kwa kosa lililotendwa na Mwepu Ilunga, na kwamba sababu ya kumtoa Kazadi ingali yasimuliwa kwa namna nyingi hata leo. Mtu aliyekuwa kipa bora wa bara zima aliingia katika historia ya dunia kama mtu wa dakika ishirini na moja.

Siku nne baadaye alirudishwa langoni dhidi ya Brazil, na mchezo ulikwisha kwa 3 kwa 0. Bao la tatu lilikuwa shuti dogo la Valdomiro lililompita mikononi, na bao hilo ndilo lililoivusha Brazil na kuitoa Scotland. Katika mchezo huo huo Mwepu, beki wa Mazembe, alitoka ukutani mbio akaupiga mpira wa adhabu ya Brazil kabla wenyewe hawajaupiga, na John Motson, mtangazaji wa BBC, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba hicho ni kioja cha ujinga wa Kiafrika. Mwepu aliyapata wapi maisha ya mpira, hata asijue sheria ya mpira wa adhabu? Alikuwa mtu wa klabu iliyokuwa imezoea fainali za Afrika. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba alikuwa akizijua kanuni barabara. Alisema walikuwa wametishwa na watu wa Rais Mobutu wasithubutu kufungwa mabao zaidi ya matatu na Brazil, na hasira na hofu zilikuwa zimemjaa kifuani. Sauti moja, isiyojua lolote juu ya vitisho hivyo, ilitumia maneno machache, na maneno hayo yamemfuata marehemu Mwepu hadi kaburini mwaka 2015 na kumpita. Hata sasa ziko picha zinazorudiwa na watu wanaocheka, na wachekao ni wengi kuliko wajuao.

Nakitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu waliotendewa walikuwa watu wazima, mashujaa wenye vikombe nyumbani, na bado kiliwavunja. Sembuse mtoto wa Panda au Kikula huko Likasi, ambaye jina lake halijasikika bado hata katika mtaa wa pili?

Sisemi kwamba mzaha uondolewe redioni. Utani ni mali yetu. Makabila yetu hutaniana hata msibani, na mtani ndiye yule yule ashikaye jembe kuchimba kaburi. Mazembe na Lupopo, vilabu viwili vilivyozaliwa mwaka mmoja, 1939, watu wake wana haki ya kuitana kunguru na watu wa reli mpaka mwisho wa dunia, kama vile Simba na Yanga wa Dar es Salaam walivyo na haki ya kunyimana usingizi. Lakini utani una sharia yake, na sharia yake ni kwamba kila anayetaniwa ana ulimi wa kujibu na ana cheo sawa na mwenziwe katika mchezo huo. Kijana wa langoni hana kipaza sauti. Mkataba wake, kama anao, humkataza kusema bila ya ruhusa ya klabu. Adabu aliyolelewa nayo humkataza kumjibu mkubwa wake. Na mama yake, aliyeketi na redio ile ile barazani, husikia mwanawe akiitwa kichaka, kapu, mlango usio na kitasa, akanyamaza. Utani wa upande mmoja tu ni matusi yaliyovishwa nguo ya sikukuu.

Tena yafaa wasikilizaji waambiwe kijana huyo ametoka wapi, maana hilo halisemwi kamwe. Viwanja vyetu, hapa na hata Likasi kwa sehemu kubwa, ni udongo mwekundu, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu mithili ya sakafu, na masika huwa utelezi. Kipa ajifunzaye juu ya udongo huo hujifunza mapema sana kutojirusha, kwa kuwa kila kujirusha kuna ngozi iachwayo chini. Hivyo huzoea kuokoa kwa miguu na kwa kusimama. Lango lake halina wavu, na mara nyingine halina hata mti wa juu, na kwa hiyo hana mahali pa kujifunza ni mpira gani unaopita juu na ni upi ushukao mgongoni mwake. Mpira wa krosi, ule unaotoka pembeni juu kwa juu, hakutani nao ila kwa nadra, maana katika uwanja usio sawa watoto hupendelea kupita katikati. Mwalimu wa makipa, mtu maalumu wa kazi hiyo, timu nyingi za ngazi ya chini hazimjui. Kisha siku moja, kwa bahati au kwa msiba wa mwenziwe, kijana huyo huitwa kucheza juu ya majani ya bandia ambako mpira hukimbia kwa kasi asiyoizoea, mbele ya maelfu ya watu, na winga wa kwanza humletea krosi ya kwanza ya maisha yake. Akitoka lango nusu hatua akasita, bao. Mtangazaji husema, kipa amesita. Naam, amesita, na asingesita ingekuwa ni muujiza.

Vituo vya kulelea vijana, kama ile akademi ya Katumbi iliyofunguliwa Lubumbashi mwaka 2012, vimeanza kuziba pengo hili, na ni jambo la kheri. Hata hivyo akili ya kipa hukomaa polepole kuliko miguu ya mshambuliaji, na amtakaye tayari akiwa na miaka kumi na minane ni sawa na achimbuaye mhogo kwa sababu majani yamependeza. Robert Kidiaba alikuwa na miaka 34 mwezi wa Desemba 2010, Mazembe ilipoifunga Pachuca 1 kwa 0, kisha Internacional ya Brazil 2 kwa 0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Na dunia nzima iliyomwona akirukaruka kwa makalio katika nyasi za Abu Dhabi ilikuwa ikitazama matunda ya miaka mingi ya subira ya watu waliomwachia lango.

Katika timu hiyo ya 2010 alikosekana Trésor Mputu, mchezaji aliyekuwa johari ya Mazembe, kwa kuwa FIFA ilikuwa imemfungia miezi kumi na miwili baada ya kumshambulia mwamuzi kule Kigali. Namtaja ili nisidhaniwe kwamba naomba vijana wasiguswe. Kosa la tabia na kosa la ufundi ni vitu viwili mbalimbali. Anyanyuaye mkono juu ya mwamuzi, au alalaye baa usiku wa kuamkia mechi, ametenda kwa hiari yake, na redio ikimkemea imefanya wajibu wake. Lakini aliyekadiria vibaya mpira uliodunda juu ya kichuguu hakutenda dhambi, na kumsemea kwa ukali ule ule ni kuuondolea ukali huo maana siku utakapohitajiwa.

Yaliyotokea Rabat tarehe 16 Novemba 2025 yalinionyesha kwamba jambo lile lile laweza kuwa na sura nyingine. Congo na Nigeria walikuwa sare, 1 kwa 1, muda wa nyongeza ukikaribia kwisha, na mwalimu Sébastien Desabre akamtoa kipa wake Lionel Mpasi ili aingie Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti. Kwa mwenye kumbukumbu ya Gelsenkirchen, kipa wa Congo kutolewa uwanjani mbele ya macho ya dunia ni jambo la kuleta baridi mwilini. Fayulu aliokoa penalti mbili, na Congo ikashinda 4 kwa 3. Wala Mpasi hakudhalilika, kwa sababu kila mtu alielewa kwa nini ametolewa, na kila mtu alikumbuka kwamba Januari 2024, katika Kombe la Afrika, ni yeye mwenyewe aliyeifunga Misri penalti ya mwisho. Kubadilishwa kwa Kazadi kulikosa maelezo, na ombwe hilo likajazwa na uvumi. Kubadilishwa kwa Mpasi kulikuwa na maelezo, na watu wakaridhika. Tofauti hiyo, ambayo kwa sehemu ni tofauti ya ushindi na kushindwa, kwa sehemu kubwa ni tofauti ya kueleza na kutoeleza, na kueleza ndiyo kazi ya redio.

Basi nawaomba ndugu zetu wa vituo vya Lubumbashi na Likasi mambo ambayo hayana gharama. Kila bao litakalojadiliwa lisimuliwe kwanza tangu mpira ulipopotea, nani aliupoteza, nani alipaswa kumfuata mtu wake na hakumfuata, jua lilikuwa upande gani, na kipa alikuwa amecheza mechi ngapi kabla ya hiyo. Kisha ndipo simu zifunguliwe. Wako makipa wastaafu wengi katika mitaa ya Lubumbashi, kama Kenya, Katuba na Kamalondo, watu wenye vidole vilivyopinda kwa kazi hiyo, ambao hukaa nyumbani Jumapili jioni bila ya kualikwa na mtu, ilhali viti vya studio vimejaa watu ambao hawajapata kuvaa glovu; mmoja wao akiwapo barazani, mazungumzo yatapata elimu na hayatapungukiwa na kicheko. Mchezaji ambaye hajatimiza miaka kumi na minane asitajwe jina lake katika lawama ya ufundi, aitwe kipa wa timu fulani, yatosha. Na kituo kikiona katika juma kwamba kilisema sivyo, ya kwamba mpira ule uligeuzwa na beki au kijana yule alicheza na kidole kilichovunjika, kitangaze hivyo Jumapili ifuatayo, saa ile ile, kwa sauti ile ile ya mtu yule yule, kabla ya wimbo wa kwanza na kabla ya simu ya kwanza.